Mfalme Aliyesimama Mlangoni

Ndugu msomaji, katika somo hili la historia ya Kanisa tumtazame Heinrich wa Nne, mtawala wa Wajerumani. Baba yake alifariki mwaka 1056, naye akaachiwa ufalme angali mtoto wa miaka mitano. Mwaka 1062 Anno, Askofu Mkuu wa Köln, alimwalika kutazama merikebu nzuri, akamteka humo ili kuitawala nchi kwa jina lake. Mtoto akajitupa katika mto Rhein, akaopolewa. Aliyelelewa hivyo si ajabu kama hakuwaamini sana maaskofu.

Siku zile maaskofu wa Ujerumani walikuwa na mashamba, ngome na askari. Kwa hiyo mfalme alitaka kuwachagua mwenyewe, na kuwapa kwa mkono wake pete na fimbo ya kichungaji. Papa Gregory wa Saba akakataa: alama hizo za Kanisa hazitolewi na mlei. Januari 1076 Heinrich na maaskofu wake walikutana Worms, wakamtaka Papa ajiuzulu. Papa akamtenga na Kanisa, akawafungua raia kiapo chao cha utii. Nao wakuu wa nchi wakampa Heinrich mwaka mmoja: asipofunguliwa, ufalme umemtoka.

Basi katikati ya baridi kali akavuka milima ya Alps pamoja na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo, hata ngome ya Canossa ya Bibi Matilda, alimokuwa Papa. Siku tatu alisimama nje ya lango, miguu mitupu, amevaa nguo ya sufu ya mtubu. Wengi husema hapo mfalme alishindwa. Mimi naona alikuwa na akili pia, maana padre atamkataa namna gani mtu anayetubu mlangoni pake? Matilda na Hugh, abati wa Cluny, wakamwombea; tarehe 28 Januari 1077 akafunguliwa.

Mapatano hayo hayakudumu. Alitengwa tena mwaka 1080. Mwaka 1084 akaiteka Roma, akamkalisha kitini papa wake mwenyewe, naye akamvika taji la ukaisari. Gregory akafa Salerno mwaka 1085, mbali na kiti chake. Hata hivyo aliyemwangusha Heinrich ni mwanawe wa kumzaa, aliyemlazimisha kuuacha ufalme. Alikufa mwaka 1106 angali ametengwa, na jeneza lake likakaa miaka mitano huko Speyer katika kikanisa kisichowekwa wakfu, hata 1111 alipozikwa kanisani pamoja na baba zake.

Mwana huyo, Heinrich wa Tano, ndiye aliyepatana na Papa Calixtus wa Pili huko Worms mwaka 1122: pete na fimbo zitoke kwa Kanisa, mfalme ampe askofu fimbo ya enzi tu, kwa ajili ya yale mashamba.