Wawili wanajibu, wengine wananakili

SWALI: Nafundisha Biolojia kidato cha pili. Wanafunzi wangu wana kundi la WhatsApp kupitia simu za wazazi, lakini wawili tu hujibu maswali, wengine wananakili. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, badilisha aina ya kazi. Swali lenye jibu moja humalizwa na anayewahi. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson aligawa somo vipande: kila mwanafunzi alisoma chake, kisha akawafundisha wenzake. Hakuna aliyeweza kulijua lote bila wengine.

Njia hiyo inafaa sana mtandaoni. Waweke wanne wanne. Kwenye mada ya mzunguko wa damu, kwa mfano, mmoja achukue moyo, mwingine mishipa, wa tatu damu yenyewe, wa nne magonjwa ya mfumo huo, wote waandike kwenye waraka mmoja wa Google Docs. Kila mmoja akiingia kwa akaunti yake, historia ya marekebisho itakuonyesha nani ameandika nini. Lakini usiitumie kuwinda wavivu. Aliye kimya huenda hana bando, naye anastahili zamu kwenye kompyuta ya shule.

Halafu kila mmoja aulize swali juu ya kipande cha mwenzake, mwenye kipande ajibu kwa ujumbe wa sauti, bila kusoma popote. Hapo ndipo utasikia nani ameelewa.