SOMO LA KIKUNDI: MKICHANGANYIKIWA, MSIKIMBIE



Tukitembelea vikundi tunaona jambo moja mara nyingi. Hesabu inaleta ubishi, mwenyekiti anagonga meza, mweka hazina anataja jibu, basi, mkutano unaendelea. Watu wametulia lakini hawajaelewa kitu.

Tuchukue mfano wa mkopo. Mama amepewa sh. 6,000 alipe kwa miezi 6, riba ni asilimia 10 kwa mwezi. Mmoja anasema riba yote ni sh. 3,600. Mwingine anasema la, ni sh. 2,100. Nani mwongo? Hakuna! Wa kwanza amehesabu riba ya sh. 6,000 kila mwezi, yaani 600 mara sita. Wa pili anajua kila mwezi mama anarudisha sh. 1,000, kwa hivyo amehesabu deni lililobaki tu: 600, 500, 400, 300, 200, 100. Tofauti ni sh. 1,500, na zinatoka kwa kibeti cha yule mama. Mkinyamazishana, hakuna atakayejua kuna njia mbili, na huenda katiba yenu haisemi ni ipi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Sidney D'Mello huko Marekani walitoa matokeo yao. Mwanafunzi aliketi mbele ya kompyuta pamoja na watu wawili wa kuchorwa, mmoja mwalimu na mmoja mwanafunzi mwenzake. Wakati mwingine hao wawili walipingana makusudi, kisha yeye akaulizwa nani amesema kweli. Wale ambao kupingana huko kuliwachanganya walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa baadaye.

Lakini tusidanganyane, kuchanganyikiwa peke yake hakufundishi. Kukizidi siku nyingi bila msaada, mtu anakata tamaa na mkutano ujao hamumwoni. Hata wanafunzi wa Yesu hawakuelewa mfano wa magugu (Mathayo 13). Umati ulipoondoka walimfuata nyumbani wakamwuliza, naye akawaeleza.

Zoezi: Gawanyikeni watu wanne wanne. Mkopo ni sh. 4,000, miezi 4, riba asilimia 10 kwa mwezi. Kila kundi litafute majibu mawili kwa maharagwe au vijiti, mweka hazina asiseme neno kwanza. Ndipo msome katiba yenu. Inasema njia gani?