Somo la Saladi Isiyo na Chumvi

Ndugu msomaji, je, mganga amekuambia kwamba damu yako inasukuma kupita kiasi? Usidharau neno lile. Ugonjwa huu unaweza kukaa miaka bila kuuma, lakini unachosha moyo na kuharibu figo. Tena mshipa wa kichwani unaweza kupasuka, na mtu akapooza upande mmoja.

Chumvi nyingi inazuia maji katika damu, na msukumo unazidi. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kidogo cha chai, kisichojaa sana. Hesabu pia chumvi iliyo ndani ya makayabo na vipande vya kukoleza mchuzi vya dukani.

Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha kisu na bakuli.
2. Twaa nusu ya kabichi, karoti 2, nyanya 2 na kitunguu 1. Osha kila jani kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, maana mayai ya minyoo yanashikamana na udongo.
3. Kata vyembamba. Changanya na avoka 1 iliyoiva.
4. Kamulia ndimu 2. Ukali wake unatosha, usitie chumvi.
5. Kuleni mara moja, msilaze.

Wakati wa kipindupindu, pika mboga zote.

Mama, usimpikie mgonjwa peke yake. Chakula hiki chafaa jamaa yote. Nawe mgonjwa, usiache dawa zako kwa sababu ya saladi. Mungu amekupa mwili mmoja tu, uutunze.