Dondoo muhimu: Kumtafuta babu kwenye makaburi ya kanisa

Anza na wazee, si makaburini. Uliza jina la ubatizo, jina la nyumbani na la ukoo. Aliyeitwa Mzee Kipara kijiji kizima, msalabani huenda ni Yosefu tu.

Piga hodi kwa paroko au mchungaji kabla ya kuingia. Akikuelekeza kwa katekista mstaafu, umepata bahati.

Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jua la ubavuni hutia kivuli ndani ya herufi, na maandishi yasiyoonekana mchana husomeka. Nyunyiza maji, pangusa kwa brashi laini. Brashi ya waya iache nyumbani: saruji ya zamani ikikwanguliwa, jina limekwenda nayo.

Makaburi ya enzi ya Wajerumani yana vifupisho: "geb." ni kuzaliwa, "gest." ni kufa. Piga picha safu nzima, maana jirani wa kaburini mara nyingi ni ndugu.

Kisha omba kuona vitabu vya parokia. Vya Kikatoliki vya zamani vingi ni vya Kilatini: "natus" amezaliwa, "obiit" amefariki. Usiruke pembeni mwa ukurasa wa ubatizo. Ndoa huongezwa pale, na bibi uliyemkosa kote huibukia hapo.

Kwa Wachagga, kaburi lisipokuwepo kanisani, nenda kihambani, kati ya migomba. Muulize kitindamimba wa kiume: aghalabu ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi.