Paka Wenu Anaitwa Nani?

Mbwa wa kijijini akiitwa Simba hakuna anayeshangaa. Lakini ukifika kwenye majina ya paka utacheka. Yuko Karani, kwa sababu hushinda juu ya meza. Yuko Polisi, ambaye halali usiku. Wengine huitwa Mtasema, au Hayakuhusu. Hapo jina si la paka tena, ni la jirani! Mama akisimama uani na kuita, "Mtasema, njoo ule!" aliyekusudiwa husikia bila kuambiwa.

Hata wakubwa wana mambo hayo. Mwaka 2011 nyumba ya Waziri Mkuu wa Uingereza, mjini London, ililetewa paka jina lake Larry. Akapewa cheo cha mkuu wa wakamata panya. Magazeti ya huko yakamcheka, eti analala kuliko anavyowinda.

Je, paka analijua jina lake, au anafuata harufu ya dagaa tu? Mwaka 2019 wataalamu wa Japani walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walimsikilizisha paka maneno manne, kisha jina lake. Paka wengi waligeuza kichwa au kusogeza masikio waliposikia jina. Kuinuka na kuja ni shauri lingine. Basi ukimwita Polisi naye akatikisa sikio tu, kakusikia. Hataki.

Vituko vyake vingine navyo vina sababu. Anakanda nguo yako kwa miguu ya mbele, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Ndivyo alivyomkanda mama yake alipokuwa ananyonya, ili maziwa yatoke. Anajisugua miguuni mwako ili aache harufu yake, ujulikane kuwa wewe ni wa kwao. Analala mchana kutwa, maana kazi yake kubwa ni jioni giza likiingia na alfajiri, wakati panya wanapoyaendea mahindi yako.

Sasa tuseme habari ya mahindi hayo. Watu wengi husema paka akishiba hawindi, kwa hiyo wanamnyima chakula. Si kweli. Aliyeshiba huwinda vilevile. Mwenye njaa hutangatanga, akala vifaranga vya watu, na hapo mambo ya Hayakuhusu yanawahusu wote. Mpe chakula kidogo na maji kila siku, karibu na ghala. Tena, paka akila panya aliyekufa kwa sumu anaweza kufa naye. Chagua moja, sumu au paka. Sisi tungechagua paka, maana sumu watoto nao huigusa.

Kituko kimoja si cha kuchekea. Paka mpole akiwa mkali ghafla, akatokwa na mate mengi, huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo humpata paka pia. Akikuuma au kukuparua, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Usingoje dalili. Zikishaonekana kwa mtu, huwa ni vigumu mno kupona. Karibu wote hufa. Habari za chanjo ya paka na mbwa mwulize bwana mifugo.

ZOEZI: Neno "paka" huanza na herufi ndogo. Jina lake huanza na herufi kubwa: paka wetu Polisi. Andika jina la paka mmoja wa kijijini kwenu, na sababu ya kuitwa hivyo. Kama sababu ni jirani, usisome kwa sauti.