Wasiwasi na Vitendo vya Ghafla: Fahamu Kazi ya Serotonini Ubongoni

Mtu mwenye wasiwasi usiokwisha huambiwa mara nyingi ajikaze. Anayetenda jambo la hatari kabla ya kufikiri huambiwa ana tabia mbaya. Wataalamu wa ubongo wamegundua kwamba hali hizi mbili zinahusiana kwa kiasi fulani, na kwamba kemikali iitwayo serotonini inahusika katika zote mbili. Kuielewa husaidia mgonjwa na jamaa zake kutafuta matibabu mapema na kutoyaachia njiani.

Serotonini ni nini?

Ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari. Ilitenganishwa kutoka kwa damu mwaka wa 1948 huko Cleveland, Marekani. Mwaka wa 1953, Betty Twarog na Irvine Page walitangaza kwamba iko ubongoni pia. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, ambako husaidia utumbo kusukuma chakula, na hiyo haiingii ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, sehemu ya protini inayopatikana katika mayai, maziwa, nyama, maharagwe na njugu.

Inafanya kazi gani?

Seli zinazoitengeneza ziko katika shina la ubongo, lakini nyuzi zake hufika karibu kila pembe ya ubongo. Hufika sehemu inayotambua hatari, na pia sehemu ya mbele inayopima matokeo ya tendo kabla halijafanyika. Kwa hiyo serotonini husaidia mambo mawili: kupima hofu na kusubiri.

Katika utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka wa 2014, panya ambao seli zao za serotonini zilichochewa walivumilia kungoja chakula kwa muda mrefu zaidi. Nchini Finland, utafiti wa 1983 miongoni mwa wafungwa ulionyesha kwamba waliofanya ukatili kwa ghafla walikuwa na mabaki machache ya serotonini katika maji ya uti wa mgongo kuliko waliopanga makosa yao.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba kila mwenye wasiwasi "amepungukiwa na serotonini". Urithi, msongo wa mawazo, pombe, ukosefu wa usingizi na machungu ya utotoni huchangia pia. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha serotonini ubongoni. Mhudumu wa afya hutambua tatizo kwa kuzungumza na mgonjwa na kumchunguza.

Wiki za kwanza za dawa

Dawa kama fluoksetini huzuia seli kuinyonya tena serotonini haraka, hivyo ikabaki kazini kwa muda zaidi. Kemikali hubadilika ndani ya saa chache, lakini nafuu huchukua takriban wiki 2 hadi 6, kwa kuwa ubongo huhitaji muda kuzoea. Siku za mwanzo, baadhi ya wagonjwa huhisi kichefuchefu, hukosa usingizi au wasiwasi wao huongezeka. Hapa ndipo wengi huacha dawa wakidhani haiwafai.

Wagonjwa na jamaa wanashauriwa:

• Kurudi kliniki dawa ikisumbua, badala ya kuiacha ghafla. Kuiacha ghafla huleta kizunguzungu na mahangaiko.
• Kuwaangalia kwa karibu walio chini ya miaka 25 katika wiki za kwanza, kwani baadhi yao huweza kupata mawazo ya kujidhuru.
• Kumweleza mhudumu kuhusu dawa zote zinazotumiwa. Tramadoli ikichanganywa na dawa hizi inaweza kupandisha serotonini kupita kiasi. Mgonjwa akitetemeka, akipata homa na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitalini mara moja.
• Kuuliza kuhusu ushauri nasaha, ambao husaidia ukiwa peke yake au pamoja na dawa.

Nyumbani

Msukumo wa ghafla wa kujidhuru mara nyingi hupungua baada ya muda mfupi. Kila dakika inayopatikana inaweza kuokoa maisha. Dawa za kuua wadudu na za hospitali zifungiwe, na ufunguo ukae na mtu mwingine. Mtu aliyelemewa asiachwe peke yake wala asipewe pombe.

Familia zisihofu kumpeleka hospitalini aliyejaribu kujiua. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Anayehitaji msaada aanzie kwa mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chake, au afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako ataelekezwa kwa mtaalamu.