Kikaango cha stili: moto kwanza, mafuta baadaye

Kikaango cha stili hubeba lawama zisizo zake. Mtu hununua kipya kinachong'aa, akavunjia yai la kwanza, yai likaganda chini lote, na tangu siku hiyo chombo kikawekwa juu ya kabati. Wengine hukirudia baada ya miezi, wakakikwangua kwa nguvu, kikakwaruzika, wakaamua kwamba walitapeliwa dukani. Kumbe kikaango hakina kasoro. Hakikupakwa dawa ya kuzuia chakula kisigande kama vile vikaango vyeusi, kwa hiyo kazi hiyo ameachiwa mpishi, naye huifanya kwa kupima moto na kuwa na subira. Faida yake ni kwamba hakuna utando wa kubanduka na kuingia kwenye chakula.

Kijue chuma chenyewe

Stili ya vyombo vya jikoni ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na oksijeni ya hewani hujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa, hujijenga upya wenyewe. Ukiona alama ya 18/10 kitakoni, maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Stili ya 18/0 haina nikeli, hunasa sumaku, na kwa kawaida huwa nafuu zaidi, lakini haivumilii chumvi na unyevu kama ile ya kwanza.

Udhaifu wa stili ni kwamba haipitishi joto vizuri. Alumini huipita zaidi ya mara 10. Ndiyo maana kikaango kizuri huwa na tabaka la alumini lililofichwa katikati ya stili, ama kitakoni tu ama hadi ubavuni. Unaponunua, kiinue na utazame kitako: kiwe kinene na kizito. Kikaango chepesi cha stili tupu huunguza pale mwali unapogusa na kuacha kwingine kubichi, na hapo hata mpishi hodari hana la kufanya. Kama unatumia jiko la induksheni, beba kipande cha sumaku. Kisiponasa kitakoni, jiko halitakipasha.

Kikaango kipya kioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kutumika, kwa sababu hutoka kiwandani na masalia ya mafuta na vumbi la kung'arishia.

Kipimo cha tone la maji

Weka kikaango kitupu kwenye moto wa wastani kwa dakika mbili au tatu. Usiwashe moto mkali kwa haraka ya kukaanga. Kisha chovya vidole kwenye maji na udondoshe tone moja. Tone likitulia na kuchemka polepole, bado. Likichacharika na kukauka papo hapo, umekaribia. Likijikunja kuwa shanga na kuteleza huku na huku bila kukauka upesi, kikaango kimepata moto. Maji hayo yanaelea juu ya mvuke wake yenyewe, jambo lililoelezwa na daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, mwaka 1756. Kwa kawaida hutokea joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi.

Hapo punguza moto kidogo, acha maji yaishe, ndipo umimine mafuta na kuyazungusha yafike kila mahali. Yakianza kuwa mepesi na kufanya mawimbi madogo, weka chakula. Yakitoa moshi, umepitiliza: ondoa kikaango motoni, kipoe kidogo.

Aina ya mafuta nayo ina neno. Siagi huungua mapema kwa sababu ya chembe za maziwa zilizomo, ilhali samli, ambayo chembe hizo zimeondolewa, huvumilia moto zaidi. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo bila kusafishwa, kama yale yanayouzwa kandokando ya barabara Singida na Dodoma, hutoa moshi mapema kuliko yaliyosafishwa kiwandani. Yatumie kwa moto wa chini.

Kwa nini chakula huganda, na kwa nini huachia

Protini ya nyama, samaki na mayai hujishikiza kwenye chuma mara inapokigusa. Kikaango kikiwa vuguvugu, protini hupata muda wa kushikamana nacho kabla uso wa chakula haujakauka. Kikiwa cha moto na kina mafuta, maji ya juu ya chakula hugeuka mvuke mara moja, na uso wa chini ukaanza kukauka na kuwa kahawia. Uso huo ukishakomaa, chakula huachia chenyewe. Kwa hiyo nyama inayokataa kugeuzwa inakuambia kwamba haijaiva upande huo. Usiivute. Subiri dakika moja, ujaribu tena kuanzia ukingoni.

Samaki mkaushe kwa kitambaa safi kabla ya kumweka. Kama umemkolezea ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, pangusa viungo vya juu, kwani hivyo ndivyo vinavyoungua na kugandisha ngozi. Mlaze kibua au changu wako, kisha mwache dakika tatu au nne bila kumgusa. Viazi na mihogo vioshwe hadi maji yatoke safi ili wanga upungue, kisha vikaushwe. Usijaze kikaango hadi vipande vikabanana, maana maji yatajitoa na badala ya kukaanga utakuwa unachemsha.

Yai lina utaratibu wake. Joto la tone linaloteleza ni kali mno kwake. Pasha kikaango hadi kipimo hicho, ondoa motoni kwa muda, rudisha kwenye moto mdogo, weka samli au mafuta ya kutosha, ndipo uvunje yai lisilotoka kwenye friji muda huohuo. Anayejifunza aanze na nyama na viazi, yai lifuate baadaye.

Ukishatoa nyama, utaona mabaki ya kahawia chini. Usiyatupe, huo ndio utamu wenyewe. Mimina maji kidogo, nyanya iliyosagwa au tui la nazi, ukwangue kwa mwiko wa mbao, nawe umepata mchuzi huku kikaango kikijisafisha nusu nzima. Stili huvumilia nyanya, ndimu na ukwaju kuliko sufuria za alumini, ambazo tindikali huzila. Ila chakula kikiisha kuiva, kihamishie bakulini. Usikilaze humo usiku kucha.

Usafi: maji moto kabla ya nguvu

Kwa kila siku, acha kikaango kipoe, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na dodoki. Usikitie maji baridi kikiwa cha moto, kwa kuwa kitako huweza kubenuka na kisikae tena sawasawa jikoni. Kikaushe kwa kitambaa, maana maji yakikaukia humo huacha madoa.

Kikiwa na ukoko ulioungua, jaza maji hadi yaufunike, weka kijiko kimoja au viwili vya soda ya kuokea, na uchemshe dakika 10 hivi. Ukoko utalegea na kutoka kwa mwiko. Ukibaki, rudia kabla ya kufikiria kukwangua.

Madoa ya kahawia yanayonata ubavuni ni mafuta yaliyoungua. Changanya soda ya kuokea na maji kidogo iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, kisha sugua kwa dodoki ukifuata mistari ya chuma.

Rangi za upinde wa mvua husababishwa na joto kali lililonenepesha ule utando wa kromiamu. Hazina madhara. Madoa meupe ya unga ni chokaa ya maji magumu. Yote mawili huondoka kwa siki au ndimu, kisha suuza vizuri.

Anayepikia kuni au mkaa apake sabuni ya kipande nje ya kitako kabla ya kuweka motoni. Masizi yatashika sabuni na kutoka kirahisi wakati wa kuosha.

Mambo ya kuepuka

Stili waya hukwaruza, na vipande vyake vinavyobaki hushika kutu na kuacha alama ambazo watu hudhani zimetoka kwenye kikaango. Mchanga nao ni hivyohivyo. Chumvi usiitie kwenye maji baridi: ikitulia chini hutoboa vishimo vidogo visivyofutika. Subiri maji yachemke, utie na kukoroga. Dawa za klorini, kama jiki, hula utando unaokinga chuma. Na kamwe usichanganye jiki na siki au ndimu, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Mikwaruzo, madoa na rangi zilizobadilika si sababu ya kukitupa kikaango cha stili, kwani chini ya alama hizo chuma ni kilekile. Kitupe pale kitako kinapobenuka kiasi cha kuyumba jikoni, tabaka zake zinapoachana, au mpini unapolegea na kukataa kukazwa. Kisipofika huko, endelea kukitumia.